Vikao vinne vya wachumba: kupima kama mnaielewa ndoa kwa namna moja

Wachumba wengi hukubaliana upesi kuhusu idadi ya watoto na mahali pa kuishi. Miaka michache baadaye wanagombana juu ya mambo ambayo hayakuwahi kutajwa: kama mmoja ana haki ya kuondoka, kama kaka wa mume ana kauli nyumbani, kama mshahara wa mke ni wa mke. Ugomvi huo huvaa sura ya pesa au ya wakwe, lakini mara nyingi chini yake kuna imani mbili tofauti kuhusu ndoa yenyewe.

Ukimwuliza mchumba wako "kwako wewe ndoa ni nini?" atakujibu kwamba ni upendo na kuvumiliana. Wewe nawe utajibu hivyohivyo, na hamtakuwa mmejua lolote. Kinachofichua ukweli ni visa: hali moja iliyo wazi, swali moja, jibu lililoandikwa. Mwongozo huu unaipanga kazi hiyo katika vikao vinne.

Maandalizi

Kila kikao kiwe cha dakika 90, kisizidi. Baada ya hapo watu huanza kukubali mambo ili wakalale. Acheni wiki moja kati ya kikao na kikao. Anzeni angalau miezi sita kabla ya siku mnayoifikiria, na ikiwezekana kabla haijatangazwa, kwa sababu siku ikishatangazwa mwenye shaka hunyamaza asiwaaibishe wazazi, na ukimya wake huhesabiwa kuwa ridhaa.

Tafuteni madaftari mawili, na maneno kamili ya kiapo au ya akdi (mkataba wa ndoa ya Kiislamu) mtakayotumia. Mwombeni padre, mchungaji, kadhi au msajili awape nakala. Msitegemee mliyoyasikia kwenye harusi za watu. Tafuteni pia sheria ya ndoa ya nchi mtakayoishi, hasa vifungu vya mali, talaka na mirathi. Wazazi, wasimamizi na marafiki wasiwepo, hata kwa simu.

Maswali matatu ya kutenganishia mitazamo

Mitazamo kuhusu ndoa ni mingi, ila yote hujipambanua ukiiuliza mambo matatu: nani anaifunga, nani anaweza kuifungua, na ipo kwa ajili ya nani. Someni sehemu hii kila mmoja peke yake kabla ya kikao cha kwanza.

Kwa Mkatoliki, kinachoifunga ndoa ni ridhaa ya wawili hao. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 (kanuni ya 1057) zinasema hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuitoa ridhaa hiyo kwa niaba yao. Kati ya waliobatizwa ni sakramenti, na umoja (mume mmoja, mke mmoja) na kutovunjika ni sifa zake za msingi. Katika Kanisa la Kilatini wanaopeana sakramenti ni bwana na bibi harusi wenyewe. Padre anaipokea ridhaa yao kwa jina la Kanisa. Ulazima wa kuwepo padre na mashahidi wawili uliwekwa na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563. Kabla ya hapo watu waliweza kuoana kwa siri na ndoa ikahesabika, na unaweza kufikiria kesi zilizozaliwa na hilo. Kile ambacho watu hukiita "talaka ya Kanisa" ni tamko kwamba ndoa haikuwepo tangu mwanzo. Waorthodoksi nao wanaiita sakramenti, lakini kwao baraka ya padre ndiyo kiini, na baada ya talaka huweza kuruhusu ndoa ya pili, hata ya tatu, kwa ibada yenye maneno ya toba.

Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, aliiondoa ndoa kwenye orodha ya sakramenti na kuiweka chini ya serikali: Mungu ameianzisha, lakini ni jambo la dunia hii. Makanisa yaliyomfuata Calvin, mwanamageuzi mwingine wa Kiprotestanti, hupenda kuiita agano. Ahadi imetolewa mbele za Mungu, kwa hiyo haipungui uzito kwa sababu mwenzako ametimiza nusu ya yake, ingawa uzinzi na kutelekezwa huhesabiwa na wengi wao kuwa sababu halali ya talaka.

Kwa Mwislamu ni akdi: ijabu na kabuli (upande mmoja kutamka, mwingine kukubali), mahari, mashahidi, na walii wa mwanamke, yaani msimamizi anayemwozesha. Kuhusu walii wanazuoni wamehitilafiana. Wafuasi wa madhehebu ya Shafi, Malik na Hanbal wanamtaka, ilhali wa madhehebu ya Hanafi wanamkubalia mwanamke mtu mzima ajiozeshe. Ni mkataba kweli, lakini anayeufikiria kama mkataba wa kupanga nyumba amekosea, maana Qur'ani inauita ahadi nzito (An-Nisaa, aya ya 21) na inataja mapenzi na huruma kuwa ndivyo vilivyowekwa kati ya wawili hao (Ar-Rum, aya ya 21). Kuufungua kuna njia zake: talaka anayoitoa mume, khului ambayo mke hujikomboa, kwa kawaida kwa kurudisha mahari, na kuvunjwa na kadhi kwa sababu maalumu.

Kwa Wahindu wengi ndoa ni ibada inayombadilisha mtu, na mapokeo yaliiona kuwa haivunjiki. Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya India ya mwaka 1955 inasema kwamba pale ambapo ibada ina hatua saba mbele ya moto, ndoa hukamilika hatua ya saba inapopigwa. Sheria hiyohiyo inaruhusu talaka.

Serikali huiona ndoa kuwa hadhi: ukishaingia, haki na wajibu hukujia vyenyewe, umevisoma au hukuvisoma. Na serikali hubadili mawazo. Ufaransa iliifanya ndoa kuwa ya kiraia na kuruhusu talaka mwaka 1792, ikaifuta talaka 1816, ikairudisha 1884. Uholanzi mwaka 2001 ikawa nchi ya kwanza kufungisha ndoa za watu wa jinsia moja. Anayeamini kwamba ndoa ni kile kinachotamkwa na sheria ya nchi ajue kwamba masharti yake yanaweza kubadilishwa bila yeye kuulizwa.

Kuna mtazamo wa ukoo: wawili hawa ni daraja tu, wanaooana ni familia mbili, na kifo cha mmoja hakikati uhusiano. Na kuna mtazamo wa wapendanao, kwamba ndoa ni ya watu wawili, ipo kwa ajili ya furaha yao, na uhai wake ni uhai wa upendo wao. Huu wa mwisho ndio ambao wenye nao huwa hawajui kuwa ni mtazamo. Wao huuona kuwa akili ya kawaida.

Karibu kila mtu amebeba miwili au mitatu kwa pamoja. Mtu anaweza kuwa na sakramenti mdomoni, ukoo kwenye pesa, na wapendanao moyoni. Usikasirike ukigundua hivyo kwa mwenzako kabla hujajikagua mwenyewe.

Kikao cha kwanza: visa

Kaeni chumba kimoja lakini kila mmoja na daftari lake, bila kuzungumza kwa dakika 60. Andikeni jibu la kila kisa kwa sentensi mbili au tatu: jibu lenyewe, kisha sababu. "Inategemea" hairuhusiwi mpaka uandike inategemea nini hasa. Dakika 30 zilizobaki ni za kusoma upya ulichoandika na kuweka alama kando ya visa viwili vilivyokuwa vigumu kwako kuliko vingine.

1. Mwenzako amepata ajali, hakutambui tena, na madaktari hawana matumaini. Miaka mitano imepita. Je, uko huru kuoa au kuolewa?
2. Vipimo vimeonyesha hamtapata mtoto. Kuna kilichopungua katika ndoa yenu?
3. Mzazi wa mwenzako anahamia kwenu, na mwenzako alishakubali kabla ya kukuambia. Amekukosea, au ametimiza wajibu wake?
4. Hakuna ugomvi wala usaliti, ila upendo umekwisha. Hiyo ni sababu ya kuachana?
5. Mmoja wenu amerithi nyumba. Ni ya nani?
6. Mwenzako amebadili dini miaka saba baada ya ndoa. Ndoa ni ileile?
7. Mmefunga kwa msajili leo, ibada ni baada ya miezi minne. Katikati hapo mmeoana?
8. Dini na sheria zinamruhusu mume kuoa mke wa pili. Ruhusa hiyo inatosha?
9. Mmoja amezini mara moja na amekiri. Ndoa imevunjika, imejeruhiwa, au yote yako mikononi mwa aliyekosewa?
10. Hamwezi kuelewana. Nani ana haki ya kuingilia kati, na neno lake lina nguvu gani?

Kisa cha saba huonekana chepesi, na ndicho kinachofichua mengi zaidi. Anayejibu "ndiyo, tumeoana" ameweka uzito kwenye sheria ya nchi. Anayejibu "bado" ameuweka kwenye ibada. Mkitofautiana kwenye jibu hili, kuna mambo ya kuamuliwa mara moja: mtaishi pamoja miezi hiyo? Tendo la ndoa? Mmoja akifariki, nani atarithi, na nani atazika? Si swali la kubuni. Ufaransa ndoa ya serikali lazima itangulie ile ya dini, kwa hiyo pengo lipo hata kama ni la saa chache. Pale pengo linapokuwa la miezi bila makubaliano, mmoja hujiona ana haki anazonyimwa na mwingine hujiona anaharakishwa kwenye dhambi.

Kikao cha pili: kubadilishana madaftari

Badilishaneni, someni kimya kwa dakika 20. Kisha mchukue kisa kimojakimoja, mkianza na vile vilivyowekewa alama. Aliyesoma anaeleza jibu la mwenzake kwa maneno yake mwenyewe, mpaka mwenye jibu aseme "ndivyo hasa". Hapo tu ndipo anaruhusiwa kutoa hoja. Itachosha. Wengi hushindwa mara tatu nne za mwanzo kwa sababu wanaeleza jibu huku wakilipinga: "Yaani unasema mama yako ni muhimu kuliko mimi." Hiyo si kueleza. Maelezo sahihi ni kama: "Unasema kumpokea mzazi ni wajibu uliokuwepo kabla yangu, kwa hiyo hukuona kuwa ni jambo la kuombea ruhusa."

Kila tofauti iwekeni kwenye fungu moja kati ya matatu. Fungu la kwanza ni tofauti za maneno: mlisema kitu kilekile kwa njia mbili. La pili ni za kiwango: mnakubaliana kanuni, mnatofautiana kiasi, kama vile mzazi akae mwezi au mwaka. La tatu ni za msingi.

Kupambanua la pili na la tatu kuna kipimo kizuri. Jiulize: mwenzangu akifanya hivi miaka kumi mfululizo, nitasema ndoa yetu ina shida, au nitasema hii haikuwa ndoa? Jibu likiwa "ina shida", ni kiwango. Likiwa "haikuwa ndoa", ni msingi. Kwa mfano, wote wawili wanaweza kuchukia talaka, lakini mmoja anaamini ni vibaya kuivunja ndoa na mwingine anaamini haivunjiki. Katika maisha ya kila siku hawatofautiani hata kidogo, mpaka siku mmoja anapoondoka na mwingine anabaki akijihesabu kuwa ameoa au ameolewa.

Kikao cha tatu: maneno mtakayotamka

Leteni nakala ya kiapo au ya akdi. Someni kwa sauti, polepole, na kwa kila sentensi kila mmoja aseme: ninaikubali, ninaikubali kwa maana hii, au siikubali. Msiruke neno kwa sababu limezoeleka.

Kikao hiki ndicho cha kuweka masharti mezani, na hapa wachumba wengi huumia bila kujua. Chukueni sentensi moja: "Mume hataoa mke mwingine." Katika fikihi (elimu ya sheria ya Kiislamu) ya Hanbali sharti hili likiwekwa kwenye akdi ni halali, na mume akilivunja mke ana haki ya kuomba ndoa ivunjwe. Kwa Shafi, sharti hilo ni batili huku akdi ikibaki sahihi. Mke aliyelitegemea hana alichoshika. Kwa Mkatoliki halihitajiki, maana umoja wa ndoa ni sifa yake ya msingi, na anayeukataa moyoni kwa dhati wakati wa kutoa ridhaa anaibatilisha ridhaa yenyewe (kanuni ya 1101). Sentensi moja, matokeo matatu.

Sasa chukueni nyingine: "Tusipopata mtoto ndani ya miaka mitano, tutaachana." Kwa wapendanao ni mpango, tena wa busara. Kwa Mkatoliki ni hatari kubwa, kwa kuwa kanuni ya 1102 inasema ndoa iliyofungwa kwa sharti la jambo la baadaye si halali. Msiandike kitu kama hiki kwa siri mkidhani ni karatasi tu. Kama mmoja wenu anaona anakihitaji, mwambieni padre kabla ya siku, si baada ya miaka.

Mkiwa wa dini au madhehebu tofauti, ulizeni mapema vibali. Mkatoliki anayeoana na Mkristo wa kanisa lisilo na ushirika kamili na lake anahitaji ruhusa. Anayeoana na asiyebatizwa anahitaji kuondolewa kizuizi, la sivyo ndoa si halali. Upande wa Katoliki huahidi kufanya kila awezalo watoto wabatizwe na kulelewa katika imani hiyo, na mwenzake lazima ajulishwe kuhusu ahadi hiyo. Fikihi ya kawaida ya Kiislamu inamruhusu mwanamume Mwislamu kuoa Mkristo au Myahudi, haimruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na asiye Mwislamu, na watoto huhesabiwa Waislamu. Wekeni ahadi hizi mbili kando kwa kando muone: haziwezi kutimizwa zote kwa mtoto mmoja. Wanaosema "watoto watachagua wenyewe" wamechukua mtazamo wa tatu, usio wa upande wowote kati ya hizo mbili, na inabidi kila mmoja akiri hivyo mbele ya viongozi wa dini yake.

Kikao cha nne: mali, sheria na maandishi

Someni sheria ya nchi yenu kwa swali hili: tusipoandika chochote, itakuwaje? Majibu hutofautiana sana. Ufaransa, msipofanya mkataba, vilivyopatikana ndani ya ndoa ni vya wote, na mlivyokuja navyo au mlivyorithi hubaki vya mwenyewe. Ujerumani kila mmoja hubaki na mali yake, lakini ndoa ikivunjika huhesabiwa nani ameongeza zaidi tangu siku ya ndoa, naye hulipa nusu ya tofauti. Uingereza korti hugawa kwa kutazama hali na mahitaji. Makubaliano ya kabla ya ndoa hayaifungi moja kwa moja, ingawa tangu hukumu ya Radmacher dhidi ya Granatino mwaka 2010 hupewa uzito mkubwa yakiwa yamefanywa kwa hiari na kwa kuelewa. Hukohuko, kwa kawaida kufunga ndoa hufuta wosia ulioandikwa kabla. Angalieni kama kwenu ni hivyo.

Kwa sheria ya Kiislamu mali ya mke ni yake, na matumizi ya nyumba ni juu ya mume. Mwenye mtazamo wa wapendanao akisikia hivyo huona ubaridi. Mwenye mtazamo wa Kiislamu akisikia "akaunti moja ya pamoja" huona mume anayekwepa wajibu. Msianze na akaunti. Anzeni na kisa cha tano, kisha muulizane: mke asiye na mshahara akilea watoto miaka kumi, amechangia nini kwenye nyumba, na kwa hesabu gani?

Kisha andikeni ukurasa mmoja, hata kama hauna nguvu ya kisheria. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alipokuwa anajiandaa kumwoa Harriet Taylor mwaka 1851, aliandika tamko la kupinga mamlaka ambayo sheria ya Uingereza ya wakati ule ilimpa mume juu ya nafsi na mali ya mke, akaahidi kutoyatumia kamwe. Alijua kuwa hana njia ya kisheria ya kujivua mamlaka hayo. Lakini tamko lilionyesha tofauti kati ya ndoa ya serikali na ndoa waliyokusudia wao wawili, na ukurasa wenu ufanye kazi hiyohiyo. Uwe na sehemu hizi: nani anaifunga ndoa yetu na lini tutajihesabu tumeoana, tunaamini nini kuhusu kuvunjika, wazazi wana kauli katika mambo gani na si katika yapi, mali, dini ya watoto, na nani ataitwa tukishindwa kuelewana. Kwa hili la mwisho Qur'ani ina utaratibu unaomfaa hata asiye Mwislamu: mwamuzi mmoja kutoka upande wa mume, mmoja kutoka upande wa mke (An-Nisaa, aya ya 35). Andikeni majina yao, na muwaulize kama wako tayari.

Mambo ya mali mnayotaka yafunge kisheria mpelekeeni wakili, na ikiwezekana kila mmoja awe na wakili wake. Makubaliano yaliyotiwa saini wiki ya harusi, upande mmoja ukiwa hauna mshauri, ni rahisi kupingwa kortini.

Panapoharibika

Kosa kubwa ni kukubali kwa hofu. Dalili yake ni jibu linalobadilika kati ya daftari na mazungumzo bila hoja mpya. Mwenzako akiandika "hapana" na kusema "ndiyo" dakika tano baadaye, rudini kwenye daftari. Lile ndilo jibu. Mtu akibadilika kweli, mwombeni aeleze msimamo wake mpya kwa mzazi wake mwenyewe, bila wewe kuwepo. Asipoweza, bado hajabadilika.

Wapo pia wanaogeuza vikao kuwa mtihani wa dini, wakimpa mwenzao alama. Na wapo wanaodhani wamemaliza kwa kuwa wote ni wa imani moja, ilhali wawili walioketi benchi moja kanisani wanaweza kutofautiana kabisa kwenye kisa cha tatu na cha tano.

Tofauti ya msingi ikibaki baada ya kuizungumza mara tatu, angalieni kama inahusu matendo mnayoweza kuyapanga. Mmoja anaweza kuamini ndoa ni ya koo na mwingine ya wawili, na bado mkakubaliana kwamba wazazi wanapewa taarifa kabla ya kununua ardhi, lakini ruhusa haiombwi. Hilo hufanya kazi. Tofauti kuhusu kama ndoa inavunjika, kama ni ya wake wengi, na kuhusu dini ya watoto haipangiki hivyo, kwa sababu siku ya kuamua mmoja hushinda yote na mwingine hupoteza yote. Kwa hizo, sogezeni siku ya ndoa mbele miezi mitatu, na kila mmoja azungumze peke yake na kiongozi wa dini au mshauri wa ndoa, kisha mrudie kisa kinachohusika kwa kuandika upya.

Ukurasa wenu uwe nakala mbili zenye tarehe na saini. Usomeni tena mtoto wa kwanza akizaliwa, mkihamia nchi yenye sheria nyingine, na mzazi wa upande wowote akifariki. Panapobadilika, kateni mstari mmoja juu ya maneno ya zamani ili yaendelee kusomeka, na muandike mapya chini yake.